Hata Shomoro Asihamishwe: Kisa cha Mtaa wa West Village, New York

Mwezi wa Februari mwaka 1961, wakaazi wa upande wa magharibi wa Greenwich Village, katika jiji la New York, walifungua gazeti la asubuhi wakaukuta mtaa wao umetajwa. Serikali ya jiji ilikuwa inaomba dola 300,000 ili iuchunguze mtaa huo, vitalu 14 vya majengo karibu na gati za mto Hudson, kwa kuwa ilidhaniwa umechakaa na unastahili kujengwa upya. Mtu asiyekuwa na habari angeweza kulipita tangazo hilo bila ya kushtuka. Lakini waliokwisha kuzoea lugha ya ofisi za mipango miji walifahamu kwamba neno "kuchunguza" lilikuwa mlango tu, na kwamba nyuma ya mlango huo lilikuwa limeegeshwa tingatinga.

Ili kuifahamu hofu yao, yafaa kurudi nyuma miaka 12. Mwaka 1949 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Nyumba, ambayo lengo lake lilinenwa kwa maneno mazuri: kila familia ipate makaazi ya staha. Sura ya kwanza ya sheria hiyo iliziwezesha serikali za miji kuyatwaa maeneo yaliyohukumiwa kuwa duni, kuyavunja, kisha kuyauza kwa bei nafuu kwa wawekezaji ili wajenge upya. Theluthi mbili za hasara iliyopatikana zililipwa na serikali kuu. Hivyo mji uliovunja ulilipwa kwa kuvunja, na mwekezaji aliyejenga alikipata kiwanja katikati ya jiji kwa bei ambayo asingeipata sokoni. Aliyebaki mikono mitupu aghalabu alikuwa mpangaji.

Katika New York kazi hiyo iliongozwa na Robert Moses, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuondoa mitaa duni tangu mwaka 1949 hadi 1960. Mfano uliojulikana zaidi ni ule wa Lincoln Square, ambako takriban familia 7,000 ziliondolewa ili kupisha kumbi za muziki na tamthilia, majengo ya chuo kikuu na majumba ya kupanga ambayo wengi wa waliohamishwa hawakuweza kuyalipia kodi. Wengi miongoni mwao walikuwa Wamarekani Weusi na watu wa asili ya Puerto Rico. Wakaazi na wenye maduka wa hapo hawakukaa kimya. Waliandamana, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Na mwezi wa Mei 1959 Rais Eisenhower mwenyewe alifika kuchimba udongo wa kwanza. Kwa hiyo watu wa West Village waliposoma gazeti, hawakuwa wakiogopa jini wasilolijua. Walikuwa wameshaona nyumba ya jirani ikiwaka moto.

Katika mtaa huo alikuwako mwanamke aitwaye Jane Jacobs. Alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania, na hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Elimu yake ya miji aliipata kwa kutembea, kutazama, kuuliza na kuandika. Tangu mwaka 1952 alikuwa mwandishi wa jarida la usanifu majengo lililoitwa Architectural Forum, na huko ndiko alikojifunza kutoyaamini maelezo ya wapangaji miji kabla ya kwenda kupaona mahali penyewe. Alikwenda East Harlem, akaona namna majumba marefu ya serikali yalivyoyafuta zaidi ya maduka 1,000, na pamoja na maduka hayo yakafutika makanisa ya vyumbani, vilabu na mahali pa watu kukutania. Mwaka 1947 yeye na mumewe, Robert, aliyekuwa msanifu majengo, walinunua nyumba ya ghorofa tatu nambari 555 katika barabara ya Hudson. Chini yake palikuwa na duka la peremende. Mwezi wa Januari 1961 alikabidhi kwa mchapishaji mswada wa kitabu chake, The Death and Life of Great American Cities, na mwezi uliofuata mtaa aliouandikia ukatajwa katika orodha ya mitaa ya kuvunjwa.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa mchanganyiko. Walikaa humo wachukuzi wa bandarini wenye asili ya Ireland na Italia, waandishi, wachoraji, mafundi, wajane na wanafunzi. Nyumba za matofali za karne ya 19 zilipakana na maghala, viwanda vidogo na mabaa ya mabaharia. Kwa macho ya mpangaji miji wa zama hizo, mchanganyiko huo ndio uliokuwa maradhi: makaazi yalitakiwa yawe mbali na kazi, na kazi mbali na biashara. Kwa macho ya Jacobs, huo ndio uliokuwa uhai. Katika kitabu chake alieleza jinsi mwenye duka la vyakula mtaani kwake alivyokuwa akiwekewa amana funguo za majirani, kiasi cha dazeni moja kwa wakati mmoja, ili mgeni akifika na mwenyeji hayupo apate pa kuingilia. Mtu huyo hakuwa ndugu wa wenye funguo, wala hakuwa rafiki wa ndani. Alikuwa jirani tu. Msomaji aliyelelewa kwenye mitaa yenye vibaraza hahitaji kuelezwa zaidi uaminifu wa namna hiyo hutoka wapi, na kwamba haujengwi kwa mwaka mmoja.

Siku chache baada ya habari kutoka, majirani walikutana wakaunda Kamati ya Kuuokoa West Village, naye Jacobs akiwa miongoni mwa viongozi wake. Makao yao yakawa mkahawa ulioitwa Lion's Head. Jambo la kwanza walilolifanya lilikuwa kuhesabu. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anakaa, analipa kodi kiasi gani, jengo lina hali gani na limetengenezwa lini, kwani walijua kwamba ofisi itakuja na takwimu zake, na anayekwenda barazani bila ya takwimu huambiwa kuwa amekuja na machozi. Jambo la pili lilikuwa kukataa kujadili sehemu. Hawakukubali kuulizwa ni vitalu vipi vivunjwe na vipi visazwe. Walitaka jina la mtaa liondolewe lote katika orodha. Walijua kuwa anayekubali kuchagua chumba kitakachobomolewa ameshakubali kubomolewa.

Haifai kuwafanya waliokuwa upande wa pili mashetani. James Felt, mwenyekiti wa Tume ya Mipango ya Jiji, hakuwa Moses. Alikuwa akihubiri uhuishaji wa upole zaidi, wa kukarabati na kujenga kwa pamoja. Jiji lilikuwa na haja ya kweli ya nyumba za watu wa kipato cha kati, na baadhi ya majengo ya mtaa huo yalikuwa yamechoka. Lakini upole ulionenwa haukufika kwa wakaazi kwa njia ya upole. Hawakuulizwa. Kamati ilidai pia kuwa kundi moja lililojitokeza kama sauti ya raia wanaouunga mkono mradi lilikuwa na mkono wa kampuni ya ujenzi, na kwamba karatasi za pande hizo mbili zilipigwa chapa kwa taipureta moja. Tangu hapo shaka ikawa yakini.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Meya Robert Wagner alikabiliwa na ushindani mkali ndani ya chama chake, na mwanzoni mwa Septemba, siku chache kabla ya kura ya mchujo, alitangaza kwamba anataka mradi huo uachwe. Majirani walishangilia, lakini mapema mno. Tarehe 18 Oktoba 1961, uchaguzi wa mchujo ukiwa umeshapita, Tume ya Mipango ilitoa uamuzi kwamba mtaa umechakaa na unafaa kwa mradi. Ukumbi ukachafuka. Watu waliinuka vitini, wakapiga makelele, wakaisogelea meza ya tume, na polisi wakaitwa. Kwa waheshimiwa wa mezani ilikuwa fujo ya watu wasiokuwa na adabu. Kwa waliokuwa wakipiga makelele, adabu ilikuwa imeshakosekana pale mtu alipoambiwa na mgeni kuwa nyumba aliyozalia watoto ni uchafu. Mabishano yakaendelea miezi mitatu zaidi, na mwisho wa Januari 1962 tume ikaliondoa jina la West Village katika orodha.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa hadi hapo, na hapo msikilizaji hupiga makofi. Kinachofuata husimuliwa kwa nadra, nacho ndicho chenye mafunzo zaidi.

Wale majirani hawakurudi nyumbani wakalala. Walifahamu kwamba aliyekataa nyumba mbaya ataulizwa iko wapi nyumba nzuri. Mwezi wa Mei 1963 kamati ilitoa mpango wake wenyewe, uliochorwa na wasanifu wa kampuni ya Perkins & Will. Kando ya barabara ya Washington ilikuwa imepita reli ya mizigo iliyobebwa juu ya nguzo, na kipande chake cha kusini kilikuwa hakitumiki tena. Kilipovunjwa kiliacha mapengo marefu katikati ya majengo. Majirani walisema: hapa pajengwe. Walipendekeza majengo madogo ya ghorofa tano, yasiyokuwa na lifti ili gharama ipungue, yenye jumla ya nyumba 475, yaliyopangwa ili kuziba nafasi tupu bila ya kugusa kilichokwisha kukaliwa. Kauli mbiu ya mpango huo ilikuwa na maana kwamba asihamishwe mtu hata mmoja, wala shomoro mmoja.

Ajabu ni kwamba jiji lililokuwa na haraka ya kuvunja halikuwa na haraka ya kujenga. Mpango wa majirani ulizungushwa kutoka ofisi hii hadi ile. Maofisa walilalamika kuwa majengo ni madogo mno, kuwa hayana lifti, kuwa hayafanani na yale waliyozoea kuyapitisha. Miaka ikapita. Jacobs mwenyewe aliondoka Marekani mwaka 1968 pamoja na familia yake, wakahamia Toronto, Kanada, kwa sababu ya vita vya Vietnam na hatari ya wanawe wa kiume kuitwa jeshini. Idhini ilipatikana wakati wa Meya John Lindsay, na ujenzi ukaanza katika miaka ya mwanzo ya 1970. Ngoja ngoja huumiza matumbo: gharama zilikuwa zimepanda zaidi ya maradufu, na ili kuzipunguza, mapambo na madoido ya michoro ya awali yalikatwa moja baada ya jingine hadi yakabaki matofali matupu.

Majengo yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 yalikuwa 42, yenye nyumba 420. Yalijengwa chini ya mpango wa Mitchell-Lama, sheria ya jimbo ya mwaka 1955 iliyowasaidia watu wa kipato cha kati kupata makaazi. Yalikusudiwa kuwa ya ushirika, mkaazi anunue hisa na awe mwenyewe. Lakini wakati huo jiji zima lilikuwa linakaribia kufilisika, wanunuzi hawakutosha, na serikali ikalazimika kuyatwaa kwa deni na kuyafungua kuwa ya kupanga mwaka 1976. Wapinzani wa Jacobs walicheka. Walisema kwamba hii ndiyo nyumba ya wale waliojua kukataa: vijengo vya matofali visivyokuwa na sura. Hata hivyo zile nyumba 420 zilikaliwa na walimu, wauguzi, wasanii na wazee kwa kodi waliyoimudu, na hakuna familia iliyofukuzwa ili zijengwe. Mwaka 2006 wapangaji walipewa njia ya kuzinunua, na ndoto ya ushirika ikatimia ikiwa imechelewa miaka 30. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Jane Jacobs alifariki dunia huko Toronto, akiwa na umri wa karibu miaka 90.

Lakini pembeni ya majengo hayo mtaa ulikuwa umebadilika. Tarehe 29 Aprili 1969 sehemu kubwa ya Greenwich Village, yenye majengo zaidi ya 2,000, ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria, na tangu hapo kuvunja au kujenga kukahitaji ruhusa ya tume maalumu. Kuta zikasalimika. Bandari nayo ikahamia upande wa pili wa maji, New Jersey, kwa kuwa meli za makontena zilihitaji viwanja vipana. Wachukuzi wakapoteza kazi, na watoto wao wakaondoka. Waliokuja badala yao walikuwa na fedha zaidi, na waliofuata hao walikuwa na fedha zaidi ya hao. Mwaka 2002 minara miwili ya vioo iliyosanifiwa na Richard Meier ilisimama ukingoni mwa mto, katika barabara ya Perry, na bei za nyumba zake zilitajwa kwa mamilioni. Nyumba nambari 555 ya barabara ya Hudson, ambayo zamani iliweza kununuliwa na mwandishi na mumewe, nayo imeingia katika hesabu ya mamilioni. Tingatinga lilizuiwa, bei haikuzuiwa.

Wako wanaosema kwamba kosa ni la Jacobs. Mwanauchumi Edward Glaeser, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kiitwacho Triumph of the City, ameeleza kwamba mji unaozuia majengo mapya huzifanya nyumba zilizopo kuwa adimu, na kitu adimu ni cha tajiri. Hoja hiyo ina uzito, na haipuuziki kwa mapenzi ya matofali ya zamani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye nyumba hamjui anayetafuta nyumba. Katika kila mkutano wa mtaa, wanaosimama kusema ni wale waliokwisha kuingia. Kijana atakayezaliwa, mgeni atakayekuja kutafuta kazi, familia inayolala watu sita chumba kimoja upande wa pili wa jiji, hao hawana kiti ukumbini. Katika miongo iliyofuata, miji mingi ya Marekani ilijaa kamati zilizolitaja jina la Jacobs kwa heshima huku zikizuia hata jengo la ghorofa nne kwenye kiwanja cha kuegeshea magari.

Lakini anayekisoma kitabu chake chenyewe hukuta jambo ambalo kamati hizo hazilisemi. Jacobs aliupenda msongamano wa nyumba. Aliusifu mtaa wa North End wa Boston uliokuwa na nyumba 275 kwa eka moja, na akaihesabu Greenwich Village kuwa na nyumba baina ya 125 na zaidi ya 200 kwa eka, akasema kuwa wingi huo ni sharti la uhai. Alitaka majengo ya zamani yabaki kwa kuwa kodi yake ndogo huwapa wanyonge pa kuanzia, wala hakutaka yageuzwe makumbusho. Na aliandika sura nzima juu ya namna mtaa unaopendwa unavyoweza kuangamizwa na mapenzi yenyewe: kila mtu hutaka kuingia, bei hupanda, na wale walioufanya upendeke hutoka. Alichokiogopa zaidi ni fedha inayokuja kwa mafuriko, ikavunja yote na kujenga yote kwa mkupuo. Alichokitaka ni fedha inayokuja kwa manyunyu, ikajaza pengo hili mwaka huu na pengo lile mwaka ujao. Zile nyumba 420 ndizo zilizokuwa manyunyu hayo.

Hapo ndipo lilipo fundo la kisa hiki. Mwaka 1962 mtaa ulipata silaha ya kukataa, na silaha hiyo ilifanya kazi ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1963 mtaa uliomba chombo cha kujenga, na chombo hicho kilichukua zaidi ya miaka kumi kukamilika. Miji ikaurithi uwezo wa kukataa, kwa kuwa ni mwepesi kuurithi: sheria za hifadhi, mabaraza ya malalamiko, haki ya kwenda mahakamani. Uwezo wa kujenga kidogo kidogo, kwa ajili ya watu wa kawaida, katika mapengo yaliyopo, uliachwa bila ya mrithi. Laiti mpango wa 1963 ungepokewa kwa haraka ileile ya mpango wa 1961, na ukaigwa katika mitaa mingine 50, huenda mtoto wa mchukuzi angepata nyumba karibu na mamake.

Wala haifai kusahau kwa nini West Village ilishinda na Lincoln Square ikashindwa. Haki yao ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba West Village ilikuwa na waandishi waliojua namna gazeti linavyofanya kazi, wasanifu waliojua kusoma ramani, na rangi ya ngozi iliyosikilizwa. Ushindi wa mtaa mmoja si dalili ya kuwa mji unasikia. Huenda ukawa dalili ya kuwa mji unachagua wa kumsikia.

Majengo yale ya matofali bado yamesimama kando ya barabara ya Washington, ghorofa tano, hayana lifti, na miti imekua mbele yake kiasi cha kuficha ule ukavu wa kuta uliochekwa zamani. Wapitao hawasimami kuyatazama. Watalii huenda kuzipiga picha nyumba za kale za barabara za jirani. Yapo tu, yamejaa watu, juu ya ardhi ambayo zamani ilipitiwa na mabehewa ya nyama na maziwa. Hakuna jirani aliyefukuzwa ili yajengwe, na ndani yake wamekaa watu ambao, lau yasingejengwa, wangekaa mbali.